Mninga na Mkurungu

Katika istilahi za misitu, jina moja la mti laweza kuamua kibali kitolewe au kizuiliwe. Ndivyo ilivyo kwa mkurungu, ambao baadhi ya waandishi huuita mninga maji, na wengine mninga tu.

Kwa mtu wa Bukoba au Muleba kuchanganya huko si ajabu. Kibanjani kwake, penye mvua nyingi na migomba, mti wa mbao aujuao tangu utotoni ni omushambya. Mninga na mkurungu ni miti ya miombo, ya Tabora, Katavi na Kigoma, naye huipokea ikiwa imekwisha kuwa mbao. Ubao hauna jani wala tunda la kuutambulisha mti.

Miti hii miwili ni ndugu. Yote ni ya jenasi Pterocarpus, jina la Kiyunani lenye maana ya tunda lenye bawa, na yote ikijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Lakini mninga ni Pterocarpus angolensis, na mkurungu ni Pterocarpus tinctorius. Neno hilo la mwisho ni la Kilatini, nalo lahusu kutia rangi. Mfasiri anayeandika “mti wa rangi” amemwacha msomaji njiani, kwani neno rangi kwetu hubeba mambo matatu: wekundu au weusi uonekanao, kitu kipakwacho ukutani, na kitu kinachopenya ndani ya nyuzi. Kitenzi ndicho kitenganishacho: ukuta hupakwa rangi, ukili hutiwa rangi. Hivyo “mti wa kutia rangi” ni bora, ingawa ni mrefu kidogo.

Mwaka 2019 mkurungu uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, baada ya magogo yake kutafutwa mno kwa soko la China. Mwaka 2022, mkutanoni Panama, wanachama waliamua kuingiza spishi zote za Pterocarpus za Afrika. Wapo watakaosema kwamba tofauti ya majina sasa haina maana. Hatukubaliani nao: kibali cha kusafirisha nje hutaja spishi, na “mninga maji” haimwambii karani ni ipi.

Tunapendekeza basi kwamba jina hilo liachiwe mazungumzo, na katika nyaraka kila jina la Kiswahili lifuatwe na la kisayansi linapotajwa mara ya kwanza. Walimu wa Bukoba na Muleba wenye majina ya Kihaya ya miti hii tunawaomba watuletee.