Kuchuja na Kupauka: Namna ya Kuihifadhi Picha ya Fulana Iliyochapwa Nyumbani

Fulana yenye picha imekuwa sehemu ya shughuli nyingi za jamii zetu: harusi, mahafali, mikutano ya vikundi, na hasa misiba. Aghalabu ndugu huchagua picha ya marehemu, wakaichapa katika karatasi maalumu kwa printa ya nyumbani, kisha wakaihamishia kwenye fulana nyeupe kwa pasi. Siku ya arobaini fulana hizo hupendeza. Lakini mara nyingi, baada ya kufuliwa mara moja tu, huonekana jambo la kuhuzunisha. Jina la marehemu na tarehe zake, vilivyoandikwa kwa wino mweusi, vimebaki vikisomeka vizuri. Ilhali uso wake umechuja, rangi zimetambaa nje ya mipaka yake, na baada ya miezi michache hubaki kivuli tu.

Wapo wanaolaumu sabuni, wapo wanaolaumu pasi, na wapo wanaomlaumu aliyeuza fulana. Lakini jina na uso vilichapwa na printa moja, katika karatasi moja, vikapigwa pasi moja na kufuliwa katika beseni moja. Kwa nini basi kimoja kidumu na kingine kitoweke? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na kuonyesha hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata nyumbani ili picha yake idumu.

WINO WA AINA MBILI

Printa nyingi za nyumbani hufanya kazi kwa kurusha juu ya karatasi matone madogo mno ya wino. Sehemu kubwa ya wino huo ni maji. Kilicho tofauti ni jinsi rangi inavyokaa ndani ya maji hayo, na hapo ndipo zinapopatikana aina mbili.

Katika aina ya kwanza rangi imeyeyuka, kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Kila molekuli ya rangi husimama peke yake ikizungukwa na maji. Wino wa namna hii hutoa rangi angavu, nao kwa kawaida ni wa bei nafuu. Lakini kilichoyeyuka katika maji mara ya kwanza kiko tayari kuyeyuka mara ya pili. Maji yakiifikia rangi hiyo baada ya kukauka, huichukua tena na kwenda nayo yanakokwenda.

Katika aina ya pili rangi haikuyeyuka. Imo katika chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji, kama udongo mwekundu uliokorogwa kwa ajili ya kupakia ukuta. Chembe hizo huitwa pigmenti, na upana wa kila moja ni takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ingawa ni ndogo hivyo, molekuli moja ya rangi iliyoyeyuka ni ndogo kuliko chembe hiyo kwa mara mia hivi. Maji yanapokauka, chembe za pigmenti hunasa mahali zilipotua, na maji mengine yakija hayawezi kuziyeyusha.

Sasa fumbo letu linafumbuka. Katika printa nyingi za nyumbani wino mweusi ni wa pigmenti, ili maandishi yatoke makali, lakini wino wa rangi nyingine tatu, yaani samawati, wekundu na manjano, ni wa rangi iliyoyeyuka. Jina limeandikwa kwa wino usioyeyuka. Uso umechorwa kwa wino unaoyeyuka. Kwa hiyo, anayetaka kuchapa fulana za kudumu hana budi kuanza kwa kuuliza kuhusu wino: je, rangi zote katika printa hii ni za pigmenti? Hata hivyo, asibadilishe wino ovyo, kwani si kila printa inaweza kurusha pigmenti bila matundu yake kuziba. Achague printa au wino uliotengenezwa kwa ajili hiyo.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo rangi yake hugeuka kutoka yabisi kuwa gesi inapopata joto la digrii 180 hadi 210 za Sentigredi. Gesi hiyo huingia ndani ya nyuzi za poliesta na kukaa humo, na picha yake ni imara sana. Lakini nyuzi za pamba hazina uwezo wa kuishika rangi hiyo. Mtu akiitumia peke yake juu ya fulana ya pamba, picha itapauka mara tu inapofuliwa. Yafaa basi kusoma kibandiko cha fulana kabla ya kuchagua wino.

MAJI YALIYOJIFICHA KATIKA PAMBA

Fulana iliyokauka juani haikosi maji. Pamba karibu yote ni selulosi, na selulosi hupenda maji kiasi cha kuyanyonya kutoka hewani. Katika hewa ya unyevu wa wastani, kila gramu 100 za pamba huwa na gramu 7 au 8 za maji. Fulana yenye uzito wa gramu 160 basi hubeba zaidi ya gramu 11 za maji, yaani vijiko viwili vya chai na zaidi. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, maji hayo huzidi.

Pasi yenye joto inapokandamiza karatasi juu ya fulana, maji hayo hugeuka mvuke. Gramu moja tu ya maji hutoa karibu lita 1.7 za mvuke. Mvuke huo hutafuta njia ya kutokea, nao hukutana na picha ambayo bado inajishika kwenye kitambaa. Huinyanyua hapa na pale, na kama wino ni wa kuyeyuka huulowesha na kuutawanya. Hivyo picha huweza kuchuja hata kabla haijaonja maji ya kufulia.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuweka karatasi, fulana tupu ipigwe pasi mahali picha itakapokaa mpaka iache kutoa mvuke. Pasi ya umeme isiwe na maji ndani. Nayo karatasi iliyochapwa iachwe ikauke mahali penye hewa, angalau nusu saa, na zaidi katika majira ya mvua.

KAZI YA UTANDO

Karatasi ya kuhamishia picha si karatasi ya kawaida. Upande wake mmoja umepakwa utando wa polima, yaani plastiki laini inayoyeyuka kwa joto. Wino huchapwa juu ya utando huo. Joto likiupata, utando hulainika, huingia katikati ya nyuzi za pamba, na unapopoa huganda humo ukiwa umeubeba wino. Kwa fulana nyeupe, picha sharti igeuzwe katika kompyuta kama inavyoonekana katika kioo, kwa kuwa itapinduliwa wakati wa kuhamishwa. Katika picha iliyogeuzwa hivyo, wino hubaki kati ya kitambaa na utando. Utando basi ni kama kifuniko juu ya rangi. Kifuniko kikiwa kizima, hata wino wa kuyeyuka huweza kustahimili kwa muda. Kikipasuka, maji huingia.

Mambo matatu huamua uzima wa utando: joto, mgandamizo na muda. Karatasi nyingi huhitaji joto kati ya digrii 160 na 190 za Sentigredi, lakini maelezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa. Joto likipungua, utando hukaa juu juu ya kitambaa na kubanduka. Likizidi, utando huungua, hugeuka manjano na kupasuka.

Pasi ya kawaida ikiwekwa katika alama ya pamba hufikia takriban digrii 200. Kwa pasi ya mkaa, kipimo cha wenyeji ni tone la maji: likichemka na kukauka papo hapo, joto limepita digrii 100, likikimbia juu ya chuma kama shanga, joto limekaribia au kupita digrii 200, na pasi haina budi kupozwa kidogo. Pasi ya mkaa ina sifa moja njema: uso wake hauna matundu ya mvuke, ambayo huacha madoa yasiyopata joto. Lakini jivu lizuiwe lisianguke juu ya kazi.

Mgandamizo ndio husahauliwa zaidi. Meza ya kupigia pasi yenye sponji hunywea, na nguvu ya mkono hupotea. Tumia meza ngumu iliyotandikwa kitambaa kimoja cha pamba, iwe ya kimo cha kiunoni ili uzito wa mwili usaidie. Pasi isiburutwe huku na huko kama katika kunyoosha nguo. Ikandamizwe mahali pamoja, kisha ihamishwe, na kingo za picha zipate joto sawa na katikati. Pembe kali za karatasi zikatwe ziwe mviringo, kwani kubanduka huanzia pembeni.

Onyo moja ni la lazima. Karatasi iliyotengenezwa kwa printa ya kurusha wino isitiwe kamwe katika printa ya leza. Printa ya leza huyeyusha unga wa wino kwa joto; utando utayeyuka ndani yake na kuiharibu mashine.

DALILI NA SABABU ZAKE

Picha zinazoharibika hazina ugonjwa mmoja. Rangi ikitambaa nje ya mipaka, sababu ni maji yaliyoifikia rangi iliyoyeyuka, au wino uliochapwa kwa wingi kuliko utando unavyoweza kunywa. Kwa hili la pili, chagua katika printa kiasi kidogo cha wino.

Rangi ikififia pole pole bila kutambaa, mshitakiwa ni mwanga. Mionzi ya jua, hasa ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huvunja molekuli za rangi. Molekuli iliyoyeyuka husimama peke yake mbele ya mionzi hiyo. Katika chembe ya pigmenti, molekuli za nje huzikinga zile za ndani. Ndiyo maana pigmenti hudumu zaidi juani.

Tena picha huweza kuonekana imepauka ilhali rangi bado ipo. Itazame karibu: ukiona nyufa nyembamba, basi ni utando uliopasuka na kuacha weupe wa kitambaa uonekane. Hapo kosa ni la joto, mgandamizo au ufuaji.

MATUNZO

Fulana iliyokwisha kuhamishiwa picha ikae saa 24 kabla ya kufuliwa. Igeuzwe ndani nje, ifuliwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali. Isilowekwe usiku kucha, isisuguliwe kwa brashi, wala isikamuliwe kwa kusokotwa. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isiguse picha, maana huvunja rangi. Fulana ianikwe kivulini, na pasi isipitishwe moja kwa moja juu ya picha. Fulana mpya nayo ifuliwe kabla ya kuchapwa, bila dawa ya kulainisha, ili kuondoa wanga na mafuta ya kiwandani yanayozuia utando kushika.

JARIBIO LA NYUMBANI

Msomaji anaweza kuupima wino wake bila maabara. Chapa katika karatasi ya kawaida mistari minne: mweusi, samawati, mwekundu na manjano. Iache ikauke kwa saa moja. Kata ukanda unaopita katika mistari yote, ning'iniza ncha yake katika glasi ya maji ili mistari iwe juu ya maji, na usubiri nusu saa. Maji yatapanda katika karatasi. Mstari utakaopanda pamoja na maji ni wa rangi iliyoyeyuka. Utakaobaki mahali pake ni wa pigmenti.

Jaribio la pili lafanywa kwa vipande vya fulana kuukuu ya pamba. Hamishia picha ile ile katika vipande vitatu kwa muda tofauti wa kukandamiza, na uandike muda huo kwa penseli. Vifue mara tano. Kisha funika nusu ya kila kipande kwa ubao na uvianike juani majuma mawili. Tofauti kati ya nusu mbili itaonyesha kazi ya jua. Tofauti kati ya vipande itaonyesha muda ulio bora kwa pasi yako.

Tahadhari kabla ya hatari. Kikundi kinachotaka fulana 40 na kichape moja kwanza, kiifue na kuitazama, kabla ya kutumia fedha za wanachama katika 39 zilizobaki. Na kwa kuwa hakuna picha ya kitambaani inayodumu milele, picha halisi ya marehemu ihifadhiwe mahali pakavu pasipo na mwanga. Fulana ikichakaa, uso utaweza kuchapwa tena. Picha ya asili ikipotea, hakuna wino utakaoirudisha.