Koja, Kikuba na Shada: Uchaguzi wa Maua ya Kutoa katika Pwani ya Kenya

Mtu atakaye kumpa mwenziwe maua mjini Nairobi huingia dukani, akachagua rangi, akauliza bei, akafungiwa shada katika karatasi. Shada hilo hilo aweza kulipeleka hospitali, arusini au makaburini, na jina lake lisibadilike. Katika miji ya Waswahili, mathalani Mombasa na Lamu, uchaguzi wa maua umefuata njia nyingine. Kitangulizi ni harufu. Kisha hufuata namna ya kuyaunganisha, na kila namna ina jina lake. Katika makala haya nakusudia kuyafuata majina hayo, kwani ndani yake mna kanuni ambazo mtoaji asipozijua aweza kumwudhi aliyekusudia kumfurahisha.

Tuanze na asumini, ambayo ndiyo shina la mambo yote haya. Ua hili huchumwa likiwa tumba, nalo hufunuka usiku. Kwa hivyo mchumaji hufanya kazi yake alasiri, mtungaji akatunga kabla ya magharibi, na mvaaji akapata harufu kamili wakati wageni wamekwisha kukusanyika. Kesho yake asubuhi weupe umegeuka hudhurungi. Zawadi ya asumini, basi, ni zawadi ya usiku mmoja. Haifai kutumwa mbali wala kuwekwa akiba. Msomaji ataona pia kwamba kitenzi kitumikacho ni kile kile cha ushanga na cha mashairi: maua hutungwa.

Asumini zikitungwa katika uzi mrefu wa kuvikwa shingoni, hilo ni koja. Koja huvikwa bwana arusi, na aghalabu mgeni wa heshima pia. Ni pambo la hadharani, lionekanalo na wote, na mwanamume hulivaa bila haya. Kikuba ni kitu kingine kabisa. Hicho ni kifungu kidogo cha asumini, majani ya mrehani, mawaridi na vipande vya ua la mkadi, ambacho mwanamke hukibandika kifuani au kichwani. Huenda kisionekane chini ya buibui, lakini kila apitaye karibu hujua kwamba kipo. Katika nyumba za kale mwari hakuruhusiwa kujitia manukato ya namna hii. Kikuba kilikuwa cha mwanamke aliyeolewa. Kwa sababu hiyo, mwanamume asiye mume kumpa mwanamke kikuba si jambo dogo, hata kama nia yake ni njema.

Kilua nacho hakina budi kutajwa. Kwa macho si ua la kushangaza, ila harufu yake imelipa daraja kubwa katika mapambo ya wanawake na katika lugha ya mapenzi. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea, alipoueleza mti wake kisayansi mwaka 1970, alilitwaa jina la Kiswahili likawa jina la jenasi yenyewe: Mkilua fragrans. Ni mara chache mwenye lugha kupewa haki yake namna hiyo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana niliyetoka bara kuja kufundisha Mombasa, nilisikia kwamba mama wa rafiki yangu amefiwa na mumewe. Nilinunua koja zuri la asumini nikaenda nalo. Mlangoni nilipokewa na bibi mmoja mzee, akalitazama, akanivuta kando kwa upole. “Mwanangu,” akasema, “mamako amekaa eda. Hili mpelekee mwenye arusi.” Nilikuwa nimempelekea mjane kitu alichokatazwa kwa miezi minne na siku kumi, yaani manukato na mapambo. Sikumjua mwenye arusi yeyote. Nilirudi nalo chumbani, nikalitundika msumarini, nikalala katika harufu ya kosa langu hadi alfajiri.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kifo na harufu havikutani kabisa. Wako watu ambao huweka matawi mabichi ya mrehani juu ya kaburi, na mrehani ndio ule ule uingiao katika kikuba. Vivyo hivyo waridi: mawaridi hutandazwa kitandani pa bibi arusi, na maji yake hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi. Ni dhahiri kwamba mmea peke yake hauamui. Kinachoamua ni umbo, jina na mahali. Tawi lisilofungwa ni heshima kwa maiti. Likifungwa pamoja na asumini limekuwa pambo la mwili.

Mgonjwa hahitaji maelezo marefu. Desturi ni kumpelekea matunda au uji, nami naona ni busara, maana harufu kali humchosha mtu aliyelala siku nyingi.

Ulaya nako kuna kanuni, ingawa aghalabu hutegemea jicho. Kitabu cha Charlotte de Latour, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1819, kiliyapa maua maana moja moja, na vingine vingi vikafuata. Waridi jekundu la tarehe 14 Februari limetoka katika desturi za huko. Waridi hilo sasa hukuzwa kwetu Naivasha, kwa wingi, ili lisafirishwe. Limechaguliwa kwa urefu wa kikonyo na uwezo wa kudumu siku nyingi, na mara nyingi halinuki. Mtu wa Mombasa akiletewa ua kama hilo hulitia puani kwanza, kisha hutabasamu kwa adabu.

Neno shada limeyapokea yote haya. Zamani liliweza kutaja kichala chochote. Sasa huwekwa kwenye mnara wa mashujaa, hutupwa na bibi arusi, hulazwa juu ya jeneza. Silichukii. Lakini mwanafunzi anayeandika kwamba bwana arusi alivishwa shada, nilipaswa kumwuliza: lilifungwa au lilitungwa? Akijibu kwamba lilitungwa, namwambia afute, aandike koja.