Kweli au si kweli: mapenzi yalimmaliza Miriam Makeba?

Msimu wa pamba hapa Nkololo, Bariadi, foleni ya mzani haina haraka na mtu. Simu ya kijana mmoja ilikuwa inapiga "Malaika" kwa sauti ya Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, na mzee aliyeegemea gunia lake akatikisa kichwa. "Huyu mama alikuwa malkia huko Marekani," akasema. "Akampenda mwanamume mmoja, habari yake ikaishia hapo." Kijana akadakia kwamba lazima alilishwa limbwata. Tukacheka, foleni ikasogea.

Maneno ya mzee si mageni kwangu. Yanazunguka vijiweni miaka yote. Na sisi basi tuyapandishe kwenye mzani.

"Aliacha muziki kwa ajili ya mwanamume." Si kweli, na hili halituchukui muda. Makeba alifunga ndoa na mwanaharakati Stokely Carmichael mwaka 1968, akaendelea kuimba. Alipohamia Guinea alirekodi nyimbo hukohuko, na Septemba 1974 alikuwa jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa kusindikiza pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. (Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi mwisho wa Oktoba. Wanamuziki hawakungoja.)

"Ndoa ndiyo iliyomvunjia kazi Marekani." Hapa ukweli upo, ila umekaa upande.

Tazama kwanza alikokuwa amefika. Mwaka 1960, mwaka mmoja tu tangu aondoke Afrika Kusini, alitaka kurudi kumzika mama yake akakuta pasipoti yake imefutwa. Mei 1962 aliimba New York kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Rais Kennedy. Mwaka 1963 alikaa mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushitaki ubaguzi wa rangi wa kwao, na serikali ya makaburu ikamjibu kwa kumvua uraia na kuzipiga marufuku nyimbo zake. Mwaka 1966 akatwaa tuzo ya Grammy pamoja na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka 1967 "Pata Pata" ikavuma Marekani nzima. Angalia jambo hilo la 1963: aliisema Pretoria hadharani, na Marekani hakuna aliyemfungia mlango. Kuukemea ubaguzi wa mbali kunapigiwa makofi.

Carmichael yeye aliusema wa nyumbani. Alikuwa mzaliwa wa Trinidad aliyekulia Marekani, na mwaka 1966 huko Mississippi ndiye aliyeipaza kaulimbiu ya nguvu kwa watu weusi hadi ikasikika dunia nzima. Kwa Wazungu wengi wa Marekani jina lake lilikuwa baruti. Makeba alipoolewa naye, maonyesho yakaanza kufutwa, magazeti yakapunguza kumwandika, wapelelezi wa FBI wakawa wanamfuatilia. Alijitetea kwamba ndoa yake haikuwa ya siasa. Hakusikilizwa. Wakahamia Guinea, na Makeba hakurudi kwenye majukwaa makubwa ya Marekani hadi 1987, alipozunguka na Paul Simon.

Sisi wa Bariadi tuna namna yetu ya kulielewa hili. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma ya Kisukuma, wakishindana mbina, yaani ngoma, kila kundi hukaa upande wake wa uwanja, wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watu wakikuhama kwa sababu ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa upande wa pili kakuzidi utunzi na sauti, umeshindwa, kubali. Ila kama kuna mtu amesimama njiani anawageuza watu wasifike kwako, hapo hujashindwa mbina, umefungiwa uwanja. Makeba wa 1967 na Makeba wa 1968 walikuwa na koo lilelile. Kwa hiyo ndoa ilikuwa sababu, sawa, lakini mkono uliofunga mlango haukuwa wa mapenzi.

Halafu kuna jambo linanikera. Carmichael naye aliondoka Marekani, akabadili hata jina akawa Kwame Ture, kwa heshima ya Kwame Nkrumah wa Ghana na Sékou Touré wa Guinea. Sijapata kumsikia mtu akisema mapenzi yalimmaliza yeye. Mwanamume akihama tunasema amefuata msimamo wake. Mwanamke akihama, limbwata.

"Guinea alikaa tu kama mkimbizi." Si kweli. Rais Sékou Touré alimpokea kwa heshima, na Makeba alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akiwa mjumbe wa Guinea. Ndoa yenyewe ilivunjika miaka ya 1970, yeye akabaki Guinea, akaendelea na kazi. Ukitafuta pigo lililomwangusha kweli, usilitafute kwa Carmichael. Mwaka 1985 mtoto wake wa pekee, Bongi, naye mwimbaji na mtunzi, alifariki hukohuko Guinea kutokana na matatizo ya uzazi. Baada ya msiba huo Makeba alihama, akaenda kuishi Ulaya.

"Malaika ni wimbo wake." Si kweli, na hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Mkenya Fadhili William, mtu wa Taita, aliurekodi Nairobi kabla Makeba hajauimba na Belafonte kwenye albamu yao ya 1965. Nani hasa aliutunga, watu wanavutana hadi leo, na jina la Adam Salim hutajwa pia. Wimbo ni wa kijana anayetaka kuoa lakini mfuko hauna kitu. Makeba yalimkuta kinyume chake: alikuwa na fedha, akaolewa, mapato yakakatwa.

"Alikufa amesahaulika." Si kweli hata kidogo. Alirudi Afrika Kusini Juni 1990, baada ya miaka 31, miezi michache tangu Mandela atoke gerezani. Usiku wa tarehe 9 Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 76, alipanda jukwaani Castel Volturno, Italia, kwenye onyesho la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyekuwa akitishiwa maisha na genge la Camorra. Aliimba "Pata Pata", akaishiwa nguvu, akafariki usiku uleule. Kwame Ture alikuwa amefia Conakry, Guinea, Novemba 1998, miaka kumi kabla yake.