Dawa imesaidia wangapi, kati ya wangapi?

Je, umewahi kusoma kwamba dawa fulani imepunguza ugonjwa kwa nusu, ukatamani kuinunua siku hiyo hiyo? Wengi hufanya hivyo. Utafiti wa madaktari una manufaa makubwa, lakini hesabu zake zikifanywa au zikisomwa vibaya, huwapotosha wagonjwa, jamaa zao na hata madaktari wenyewe. Si lazima uwe bingwa wa hisabati ili kuepuka mtego huu. Jizoeze kuuliza maswali matatu tu.

Walilinganishwa na nani?

Wazee wetu wanaikumbuka Kemron. Mwaka wa 1990 ilitangazwa jijini Nairobi kwamba dawa hiyo, iliyokuwa na kiasi kidogo cha interferoni, iliwapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi. Matumaini yalienea kote nchini. Lakini utafiti huo ulihusu wagonjwa wapatao 40, na wote walipewa dawa. Hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo.

Ubaya wake ni upi? Mgonjwa anayeamini kwamba amepata dawa huanza kula na kulala vizuri. Tena, watu huenda hospitalini wakiwa wamezidiwa, na maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa akipata ahueni, huwezi kujua kama ni dawa iliyomsaidia.

Ndiyo sababu wagonjwa hugawanywa kwa kura. Kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata kipi. Majirani zetu wa Uganda waliipima tiba hii kwa njia hiyo, wakitumia wagonjwa zaidi ya 500. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1998 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa ile ya bandia.

Walikuwa wangapi?

Rusha sarafu ya shilingi mara 10. Si ajabu upande wenye nembo ya taifa utokee mara 7. Lakini ukiirusha mara 1,000, hutauona mara 700. Vivyo hivyo, katika kundi dogo la wagonjwa, bahati tu inaweza kujifanya dawa.

Nusu ya nini?

Kati ya 2002 na 2006, wanaume 2,784 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa kura. Baadhi walitahiriwa mara moja na wengine wakaombwa wasubiri. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kwa kuwa jibu lilikuwa wazi: tohara ilipunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa takriban nusu.

Je, maana yake ni kwamba nusu ya waliotahiriwa wamekingwa kabisa? La hasha! Katika muda wa miaka miwili, kati ya kila wanaume 100 waliosubiri, 4 hivi waliambukizwa. Kati ya kila 100 waliotahiriwa, waliambukizwa 2 hivi. Hiyo ndiyo nusu inayotajwa. Kwa taifa zima, faida hiyo ni kubwa mno. Lakini wale wawili walikuwa wametahiriwa na bado wakaambukizwa. Kijana anayetupa kondomu kwa kuwa amesikia neno "nusu" anajiponza.

Basi, msomaji, ukisikia dawa ikisifiwa redioni au kwenye simu, uliza maswali haya kabla ya kutoa pesa zako, na usiache dawa ulizoandikiwa bila kuzungumza na daktari. Nawe mwanafunzi unayejiandaa kufanya utafiti, yajibu kabla hujakusanya takwimu. Utafiti uliopangwa vibaya tangu mwanzo hauokolewi na hesabu za mwisho, hata ziwe nzuri namna gani.