Akris na Nzige: Maumbo ya Neno la Kiyunani na Mipaka ya Maana Yake katika Nyanda za Katavi

Nzige mwekundu anayezaliana katika nyanda za Iku na Katavi, upande wa kusini wa Mpanda, hujulikana kisayansi kama Nomadacris septemfasciata. Jina la jenasi huishia na neno la Kiyunani cha kale akris. Jina la familia, Acrididae, limebeba shina la neno hilohilo, akrid-. Akris ni nomino ya jinsia ya kike katika kundi la tatu la minyumbuko. Sauti d hudondoka mbele ya -s ya umoja, kisha hurejea kwingineko: akridos huonyesha umilikishi, akrida ni shamirisho, akrides ni kiima cha wingi na akridas ni shamirisho ya wingi. Ndiyo maana chakula cha Yohana Mbatizaji ni akrides katika Mathayo lakini akridas katika Marko, ambako neno hutawaliwa na kitenzi cha kula.

Nomino nzige haibadiliki. Idadi hudhihirika katika upatanisho tu (nzige amekuja, nzige wamekuja). Hata hivyo, Kutoka sura ya 10 katika Septuaginta hutumia umoja, akrida pollēn, kwa maana ya kundi zima. Kiswahili hulazimika kusema nzige wengi, na taswira ya kundi kama kiumbe kimoja hupotea.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa kimaana. Akris humtaja mdudu anayeishi peke yake na yule wa makundi. Kiswahili hutenganisha: wa kwanza kwa kawaida ni panzi, wa pili ni nzige. Lakini tangu 1921, Boris Uvarov alipoeleza nadharia ya awamu, imefahamika kuwa spishi moja huweza kuishi kwa namna zote mbili. Mkaguzi akiuliza wanakijiji wa Katavi kama wameona nzige, jibu la hapana laweza kuwa sahihi kileksika ilhali wadudu wenyewe wamo nyasini, bado wametawanyika. Athari ya kuchelewa si ndogo: mlipuko wa 1930 hadi 1944 ulienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta.

Kuvu iliyonyunyizwa katika nyanda hizo mwaka 2009 nayo huitwa Metarhizium acridum. Shina ni lilelile, na huua panzi na nzige bila kuuliza jina.