Mfano wa Gari na Kipimo Chake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mchezo ambao watu wengi hudhani ni wa watoto tu, nao ni kuunda magari madogo ya mfano. Kila kijiji kina watoto waundao magari. Mmoja huokota waya, mwingine mabua ya mtama, mwingine kopo tupu na ndara zilizochakaa, na kabla jua halijatua gari limekwisha. Lina usukani wa waya mrefu, nalo hukimbizwa njiani kwa ngurumo za mdomo. Wazee hutazama wakacheka; pengine hukasirika wakisema kwamba mtoto apoteza wakati wake bure. Sisi twaona kwamba mtoto huyo ameianza kazi kubwa, ila hajaifikisha mwisho. Linalompungukia si waya wala kopo, bali kipimo.

Mwanafunzi aliyesoma ramani ajua maana ya kipimo. Ramani ya wilaya haikuchorwa kwa kukisia. Maili kadha wa kadha zimepunguzwa zikawa inchi moja, na maili za kaskazini zimepunguzwa sawasawa na maili za kusini. Mfano wa gari ni vivyo hivyo. Tukiamua kwamba gari letu litakuwa moja kwa kumi na mbili, yaani 1/12, basi urefu, upana, kimo, taa, mlango, hata kitasa cha mlango, vyote vitagawanywa kwa 12. Kipimo hiki ni chepesi kwa mtu atumiaye futi na inchi, kwa sababu futi moja ya gari la kweli huwa inchi moja ya mfano. Viko na vipimo vingine. Magari ya mfano ya plastiki, yale yauzwayo vipande vipande katika sanduku ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe, mengi ni 1/24 au 1/25; na yale madogo ya chuma ya kupambia makabati, mengi ni 1/43.

Na tuchukue gari moja tulipime. Tumechagua Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, jamaa zake wamejulikana sana katika barabara zetu za vumbi na tope. Pili, umbo lake ni jepesi kwa mwanafunzi. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, basi waundaji wake wakatumia mabamba ya alumini, nao wakayafanya yawe na pande zilizonyoka, ili yakunjwe bila mitambo mikubwa. Kile kilichowarahisishia kazi wao, chaturahisishia na sisi tushikao kisu na kipande cha mti.

Gari hilo lilikuwa na urefu wa inchi 132, yaani futi 11; basi mfano wetu utakuwa na urefu wa inchi 11. Upana wake ulikuwa inchi 61. Wetu utakuwa inchi 5 na kidogo tu. Tangu kati ya gurudumu la mbele hata kati ya gurudumu la nyuma zilikuwa inchi 80; kwetu zitakuwa inchi 6 na theluthi mbili. Mpira wa gurudumu ulikuwa na kimo cha inchi 28 hivi. Wetu utakuwa inchi 2 na theluthi moja. Mtaona kwamba hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu, wala haimshindi mtoto wa shule.

Lakini liko jambo moja katika hesabu hii ambalo huwashangaza wengi. Gari lile la kweli lilikuwa na uzito wa karibu ratili 2,600. Je, kama tungeweza kuliunda dogo kwa vitu vile vile, chuma kwa chuma na alumini kwa alumini, lingekuwa na uzito gani? Mtu atajibu upesi: gawanya kwa 12. Sivyo. Urefu umepungua mara 12, na upana mara 12, na kimo mara 12. Basi ujazo wake umepungua mara 12 kwa 12 kwa 12, ndiyo mara 1,728. Gari letu lingekuwa na uzito wa ratili moja na nusu tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuunda mfano mmoja hasahau tena tofauti ya urefu na ujazo, hata mwalimu akimwuliza usiku.

Sasa tutawasimulia aibu yetu wenyewe, maana huenda ikawafaa. Mara ya kwanza tulipounda gari, tulidharau rula. Tulidhani macho yetu yatosha, kwa kuwa gari lenyewe tulikuwa tukiliona kila siku: lilikuwa lori aliloliendesha mjomba wetu. Tulichonga miezi miwili, tukapaka rangi, tukang'arisha taa kwa karatasi ya fedha, kisha tukampelekea kwa furaha. Mjomba akalitwaa, akaligeuza huku na huku, akasema, “Kazi nzuri, mjomba. Lakini gari hili ni la nani?” Hakutaka kutudhihaki, kwa hakika hakulijua. Tukaenda nalo uani pa gari lake, tukapima. Magurudumu tuliyafanya makubwa kupita kiasi, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukiyapenda. Na sanduku la nyuma tulilifanya fupi, kwa sababu halikutupendeza. Jicho hukuza lipendalo na kupunguza lisilojali. Rula haina upendeleo.

Tangu siku ile tumefuata njia hii. Kwanza twapima gari la kweli kwa ruhusa ya mwenyewe, na kuandika kila kipimo. Pili twachora picha tatu kwa ukubwa ule ule wa mfano: moja ya ubavuni, moja ya mbele, na moja ya kutoka juu. Tatu twakata vigezo vya karatasi ngumu, kama afanyavyo mshonaji, tukavilaza juu ya mti na kuzungusha penseli. Mti uwe laini, mkavu, usio na vifundo, msufi wafaa. Twakata kwa msumeno nje kidogo ya mstari, kisha twapunguza kwa patasi na tupa, na kila mara twarudisha kigezo kutazama. Mti uliobaki waweza kuondolewa kesho, lakini uliokwisha kuondolewa haurudi. Mwisho twasugua kwa msasa, kwanza wa kukwaruza, kisha ulio laini.

Hapo gari lina umbo, lakini bado ni kipande cha mti. Kulitia uhai ndiyo kazi ya pili, nayo yahitaji saburi kuliko ya kwanza. Rangi ipakwe nyepesi mara nyingi, wala isipakwe nzito mara moja. Na kati ya mara moja na nyingine iachwe ikauke kabisa, isuguliwe kwa msasa laini wenye maji, ipanguswe vumbi. Sababu yake ni kipimo kile kile. Gari limepunguzwa mara 12, lakini rangi haikupunguzwa. Unene wa rangi usioonekana katika gari kubwa, juu ya gari dogo huwa kama udongo uliokandikwa ukutani; hufukia pembe za milango na kufuta kila alama tuliyochonga. Haraka haraka haina baraka.

Kitambaa nacho ni vivyo hivyo. Mtu hutaka kufunika viti kwa kipande cha nguo, lakini nyuzi za nguo hazikupungua, na mbele ya kiti kidogo huonekana kama kamba. Ni afadhali karatasi nyembamba iliyopakwa rangi. Nafasi iliyo ukingoni mwa mlango wa gari la kweli ni kama robo ya inchi; katika mfano ni sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara 48. Msumeno hauwezi kukata nafasi hiyo. Basi tupige mstari kwa ncha ya kisu kikali, kisha tuupitishe wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, na mara moja mlango utaonekana kuwa mlango. Vioo tuvikate katika chupa ya plastiki nyeupe. Tope nalo lisisahauliwe: vumbi kidogo la chokaa na udongo mwekundu likipakwa chini ya madigadi, gari lile litaonekana kama limetoka safari.

Huenda mzazi mmoja akauliza, “Kazi hii yote itamfaa nini mwanangu?” Jibu letu lapatikana katika habari za nchi ya mbali, iliyopata kuujaribu mchezo huu kwa fedha nyingi. Huko Marekani, mwaka 1930, kampuni ya Fisher Body, iliyokuwa ikiunda bodi za magari ya General Motors, ilianzisha chama cha vijana kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Hapo kwanza vijana waliambiwa waunde mfano wa gari la farasi la fahari, kwa namna ya yale ya Napoleon, lenye mapambo, vitasa, pazia na magurudumu yazungukayo. Kazi iliyowachukua mamia ya saa. Tangu mwaka 1937 wakaruhusiwa kubuni motakaa wenyewe, na kipimo kilikuwa 1/12, hiki tulichokieleza. Hapakuwa na gari la kunakiliwa, lakini kipimo hakikuachwa, maana kiti kilichobuniwa lazima kimtoshe mtu, na mlango lazima umpitishe. Waliotangulia walipewa fedha za kulipia masomo ya chuo.

Mmoja wao alikuwa Charles Jordan. Mwaka 1947 mfano wake ulipata tuzo ya kwanza ya nchi nzima. Baada ya masomo yake aliingia kazi katika General Motors, na tangu mwaka 1986 hata mwaka 1992 alikuwa mkuu wa wote waliobuni maumbo ya magari ya kampuni hiyo. Kijana aliyekuwa akisugua gari dogo kwa msasa alikuja kuamua sura ya magari yaliyojaza barabara za nchi yake. Wala isidhaniwe kwamba huko viwandani mifano huachwa kwa watoto. Hata leo, pamoja na kompyuta zao, wabunifu wa magari hufinyanga mifano ya udongo, kwa kuwa ni rahisi kukwangua udongo kuliko kubadili chuma kilichokwisha kukatwa.

Lakini tusiwadanganye. Chama kile kilikwisha mwaka 1968, na katika vijana wengi walioingia, waliopata fedha walikuwa wachache. Tena wasichana hawakuruhusiwa kushindana, na hilo lilikuwa kosa, kwa maana hatujaona rula imwulizayo mtu kama ni mume au mke. Wengi walirudi nyumbani na mfano wao mkononi na hawakupewa senti. Walichopata ni jicho lililofundishwa, mkono usiotetemeka, na desturi ya kutoridhika na kazi iliyo karibu kuwa sawa. Mwenye vitu hivyo vitatu, akiwa seremala, atatengeneza mlango usiokwama. Akiwa fundi wa magari, atasikia kasoro kabla haijavunja chuma. Akiwa mshonaji, hatapoteza kitambaa cha mteja.

Basi, mabibi na mabwana, mtoto akija na gari lake la makopo, msimfukuze. Mpeni rula, au kama rula haipatikani, uzi wenye mafundo yaliyopangwa sawasawa. Apitapo dereva kijijini, mwombeni ruhusa mtoto apime gurudumu moja. Siku ya pili mwulizeni, “Hili lako ni moja kwa ngapi?” Akiweza kujibu, mchezo wake umekuwa kazi ya ufundi. Nasi, gari letu lile la kwanza lisilojulikana ni la nani bado tunalo. Limewekwa rafuni juu ya meza tunayofanyia kazi, na kila tutakapo kukisia, twalitazama kwanza.