Manung'uniko Yaliyozaa Huduma



Ndugu wapendwa, Matendo ya Mitume, sura ya 6, yatusimulia jinsi Kanisa changa lilivyopatwa na mgogoro wa kazi. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliikusanya jumuiya nzima, wakaagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema waishike kazi ile. Hivyo manung'uniko yakazaa huduma.

Basi, mgogoro ni nini? Ni ishara kwamba mahitaji ya watu wawili yamekutana mahali pamoja wala hayajapatana. Kibarua wa mashine ya kusaga anadai ujira wake leo. Mwenye mashine naye anasema wateja hawajamlipa. Kila mmoja ana neno la kusema, na hapo bado hapana dhambi. Dhambi huingia pale mwenye nguvu anapoziba masikio, au mnyonge anapookota jiwe.

Sisi tulio Matongo, wilayani Tarime, jambo hili tumelijua kwa machozi. Tunaishi jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mwezi Mei 2011 watu 5 waliuawa kwa risasi za polisi, umati ulipoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu. Nyuma ya siku ile yalikuwapo madai ya miaka mingi juu ya ardhi, fidia, maji na ajira. Dai lisilopewa mahali pa kusemewa halifi. Hujitafutia njia, na njia hiyo mara nyingi ni ya damu.

Kwa mwajiri na mwajiriwa, mahali pa kusemea papo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kwanza huwaketisha wote wawili mbele ya msuluhishi. Wasipopatana, ndipo mgogoro huenda kwenye uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki apeleke shauri lake ndani ya siku 30. Madai mengine, ndani ya siku 60. Makatekista, waelezeni waamini siku hizo, kwa maana anayechelewa aweza kuikosa haki yake.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Katika Mathayo, sura ya 18, Bwana anatufundisha kumwendea ndugu kwanza faraghani, kisha pamoja na mashahidi, ndipo kulifikisha neno mbele ya Kanisa.

Basi, mwajiri asiogope kuulizwa, wala mfanyakazi asione haya kuuliza. Na juma hili, kila mwenye kibarua wake amwulize: je, kuna neno lako ambalo sijalisikia?

Amani ya Bwana iwe nanyi.